Miaka Yangu Kwenye Tope la Sululu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya visigino. Nilikuwa nimeajiriwa kuwa afisa wa mazingira katika ofisi ya Sur, mji wa pwani ya Oman, nina shahada yangu ya bayolojia na abaya mpya niliyoshonewa na dada yangu Thureya, na kichwani nikijua kwamba nitapewa meza, kalamu na kiyoyozi. Mudir, yaani mkuu wetu wa ofisi, alikuwa mtu wa Jaalan mwenye ndevu nyeupe na sauti ya kuadhini. Alinitazama kuanzia juu, akashuka mpaka kwenye viatu, akacheka mpaka akakohoa. Akamwita dereva wake akamwambia avue mabuti yake ya mpira anipe mimi. Yalikuwa makubwa kiasi kwamba nikigeuka, yenyewe yanabaki yanatazama nilikotoka.

Tukapanda gari kwenda kusini, mpaka kwenye hori. Hori ni mahali bahari inapoingia nchi kavu kwa mkono mwembamba, ikijaa na kupwa kama kawaida ya bahari. Jina la hori hili silitaji. Wanaolijua wanalijua, na wasiolijua wataleta magari. Siku hiyo maji yalikuwa yamepwa, na mbele yetu palikuwa na uwanda wa tope la kijivu, tupu, linameta, halina mti wala jiwe, umbali ambao jicho linachoka kuufuata. Harufu ilitupokea kabla hatujafungua milango.

"Unaisikia?" Mudir akaniuliza kwa Kiarabu.

"Naisikia, Ustadh. Kama mayai yaliyooza."

"Zeni, vizuri. Siku utakayokuja hapa usiisikie, ujue kazi imetushinda."

Akaniamuru niingie. Niliingia, hatua chache tu, buti moja likabaki nyuma, nikasimama kwa mguu mmoja mbele ya mkuu wangu mpya kama yangeyange. Yeye akainama, akachota tope kiganjani, akalivunja kwa kidole gumba. Ndani mlikuwa na vijidudu: minyoo myembamba kama uzi, kombe wadogo kama punje ya mchele, na kaa ambaye hata ukucha wangu ulimzidi. Akasema, "Hiki ndicho chakula chao. Anatoka ndege kwenye nchi za barafu, anaruka bila kutua, anafika hapa mifupa mitupu. Hana ndugu, hana duka. Ana tope hili. Kila mtu atakayekuja atataka kulitengeneza, kwa sababu ni baya na linanuka. Wewe kazi yako ni kulilinda lisitengenezwe."

Basi hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, na hiyo ndiyo nataka kuwaeleza nyinyi vijana mnaoniuliza kila siku harusini, "Bibi, hasa ulikuwa ukifanya nini huko?" Nilikuwa nikilinda tope. Mkicheka chekeni, mimi mwenyewe nimecheka sana.

Majira wanapofika ndege, vitabu vya Kiswahili huyaita majira ya kupukutika majani. Kwetu hapa hakuna jani la kupukutika. Dalili zetu ni nyingine: tende zimeshavunwa, bei ya halua imepanda kwa ajili ya harusi, na inafika alfajiri ya kwanza unapofungua dirisha la nyumbani kwetu Ibra bila kujutia joto. Wakati huo ndipo ndege wa hori wanapofurika. Wa mwanzo huja bado joto kali, mwezi wa nane, wakubwa kwanza, kwa sababu wazazi huwatangulia watoto wao. Watoto huja nyuma peke yao, hawajawahi kuiona njia, hakuna wa kuwaongoza, na wanafika. Nimesoma maelezo yake, nimeyafundisha, nimeyafanyia mtihani, na bado kila mwaka nikimwona mtoto wa chekeamwezi ametua, manyoya mapya, anahangaika na mnyoo mkubwa kuliko yeye, nasema mashaallah kwa sauti.

Chekeamwezi ni wale wadogo wanaokimbia kwenye ukingo wa maji kama watoto wanaoogopa kulowa. Sululu ni mkubwa, miguu mirefu, mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini, nao anautumbukiza kwenye tope mpaka machoni, anamtoa kaa shimoni. Mdomo ule ndio kipimo cha hori zima. Kila ndege ana urefu wake wa mdomo, na kila urefu una mdudu wake na kina chake, kwa hiyo wanakula pamoja wasigombane. Heroe, wenye shingo ndefu na rangi ya waridi, hukaa kwenye maji ya goti na kuchuja. Watoto wao ni wa kijivu, na kila mgeni anayekuja huniuliza wale wachafu ni ndege gani.

Kazi yenyewe ilikuwa na mambo yake. Kwanza ni maji. Afisa wa hori asiyejua maji ni kama mpishi asiyejua moto. Kuna bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yanayojaa mpaka juu na kupwa mpaka mbali. Na kuna maji mafu, yanayosogea kidogo tu, kivivu. Maji yakijaa, ndege hawana pa kula, hujikusanya kwenye kisiwa cha mchanga nyuma ya hori, wakasimama wote wanatazama upepo unakotoka, wamelala nusu. Yakipwa, hushuka. Pili ni kukadiria. Kundi likiruka huwezi kuhesabu vichwa. Unapima kwa jicho kipande cha kundi, kisha unaangalia kundi lina vipande vingapi, na unafanya hima kabla halijageuka. Tatu ni pete. Wataalamu wa nchi nyingine humvisha ndege pete miguuni, yenye rangi na herufi, na wewe ukiiona kwa darubini ya miguu mitatu unawapelekea habari. Sululu mmoja mwenye pete ya njano tulimwona misimu mingi mfululizo, na mara zote alikuwa kwenye shimo lile lile la kona ya magharibi, akimfukuza kila aliyemkaribia. Mudir alimpa jina la mwenye nyumba wake.

Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa Nizwa. Niliona kama nimetupwa. Nizwa ina ngome, ina soko, ina milima, tope haina. Lakini njia ya ndege haipiti baharini tu. Majira yale yale, mabwawa na mifereji ya mkoa ule wa Dakhiliya hupata wapitaji wake, na zaidi keremkerem, ndege wa rangi zote za kanga, wanaopita kwa makundi wakiimba angani, na chakula chao ni nyuki.

Hapo ndipo ilipo habari ya mzee wa Misfat, kijiji cha mlimani. Mkuu wangu wa kitengo kule Nizwa alikuwa bwana mtaratibu sana, hajawahi kupandisha sauti hata akigongwa gari. Asubuhi moja akaingia mzee mmoja mfugaji nyuki, khanjari kiunoni, fimbo mkononi, amefura. Akasema keremkerem wamekalia waya juu ya mizinga yake na wanamla nyuki mmoja mmoja kama karanga, na yeye anaitaka serikali iwaondoe. Mimi nilianza kumweleza sheria ya ndege wahamao. Mkuu wa kitengo akaninyamazisha kwa jicho, akamkaribisha mzee kahawa, akamsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza habari za watoto na za falaji, mfereji wa maji wa kijiji, kisha akasema, "Mzee wangu, umefanya vizuri kuja. Hawa tutawaondoa. Lakini mambo ya serikali unayajua, yana mzunguko. Tupe muda kidogo tu."

Mzee akaondoka ameridhika. Nikamuuliza mkuu, "Ustadh, tutawaondoaje?"

"Nani kasema sisi? Wanaondoka wenyewe. Upepo ukigeuka tu, hutamwona hata mmoja."

Siku si nyingi upepo ukageuka, na keremkerem wakaenda zao Afrika. Mzee akarudi na chupa ya asali ya mlimani, akaweka mezani, akasema hajawahi kuona ofisi inayofanya kazi kwa haraka namna ile. Na mwaka uliofuata, majira yale yale, akaja tena kulalamika, tukamwahidi tena, na asali ikaja tena. Mpaka leo nadhani alijua kila kitu na alikuwa akija kwa ajili ya kahawa.

Nikarudi Sur nikiwa msimamizi wa hifadhi ya hori. Mudir wangu wa kwanza alikuwa amestaafu, na kweli kama alivyosema, kila aliyekuja alitaka kulitengeneza tope. Mhandisi mmoja alitaka kujenga njia ya kutembelea yenye taa katikati yake. Mwingine alitaka lichimbwe liwe ziwa la samawati. Wote niliwapeleka kwenye kibanda cha kujifichia, kile chumba kidogo cha mbao chenye vijidirisha vyembamba, nikawapa darubini na kahawa, wakaondoka na mawazo mengine. Nilianza kujiona hodari. Sikujua kwamba atakayenitoa jasho atatoka nyumbani kwetu.

Dada Thureya ni mkubwa kwangu. Tulipoondoka Unguja mimi nilikuwa wa kubebwa, yeye alikuwa anasoma chuo cha Kurani, na anakumbuka. Anakumbuka mikarafuu, migomba, mvua inayokuja na kunukia. Mimi jangwa nimelikuta nikalipenda; yeye kwa miaka mingi alikuwa akiangalia milima ya Ibra kama mtu anayeangalia nyumba isiyopakwa rangi. Kila alipoishi alipanda kitu. Alipanda mchaichai kwenye ndoo, mpapai uani, asumini mlangoni. Alipokuwa mwenyekiti wa jumuiya ya akina mama wetu, wale wenye asili ya Unguja na Pemba wa Maskati, Ibra na Sur, akaja na fikra yake kubwa: wapande mchu, ule mti wa mikoko unaostahimili chumvi, na kila mwanamke apande kwa niaba ya mzazi wake aliyefariki, iwe sadaka yenye kuendelea. Na mahali alipopapenda, palipo wazi, pasipo na hata jani, ni hori langu.

Nani atakataa jambo kama hilo? Mudir Aam, mkuu wa idara nzima kule Maskati, hakukataa. Mama yake mwenyewe alizaliwa Wete. Nilipompigia simu aliniambia kwa Kiswahili safi cha Pemba, "Bi Zuwena, mti ni baraka. Nchi hii yote jua tupu, wewe unaniambia kijani kina madhara?"

"Ustadh, mchu ni mzuri, mahali pake. Ukishika katikati ya tope, mizizi inasimama kama misumari, tope linakauka. Ndege hawatatua. Ndege mdogo lazima aone mbali, kipanga asije akamvamia kutoka nyuma ya mti. Na wao ndiyo sasa wamefika, wamechoka, wana njaa."

"Andika," akasema. Nikaandika. Tarehe ya kupanda haikubadilika.

Nikaenda Ibra kwa dada. Alikuwa anapika mkate wa kumimina, na harufu ya hiliki imejaa jikoni. Nilimwamkia, akanijibu, akanipa kiti. Nikamweleza yote, polepole, kwa heshima. Alinisikiliza bila kugeuza uso kutoka kwenye jiko.

"Zuwena," akasema, "mie mama yangu nimemzika kwenye mchanga mtupu. Hakuna hata nyasi juu yake. Nimetaka nimpandie mti mmoja, na wewe uliyezaliwa nami tumbo moja unaniletea habari za minyoo?"

"Dada, mti mmoja haunisumbui. Nyinyi mnaleta malori."

"Na ndege wako wana pwani nzima ya Oman. Waambie wasogee."

"Hawasogei, Dada. Chakula chao kiko pale. Wakikosa pale wanakufa njiani."

Akageuka. "Bas. Umeshasema. Kula uende zako."

Nilikula, kwa sababu mkate wa dada yangu haukataliwi hata ukiwa umegombana naye. Baada ya hapo hakupokea simu zangu. Tulikuwa hatujawahi kununiana hata siku moja, na iliniuma, nasema kweli. Nikilinda tope, nampoteza dada. Nikimwachia dada, sululu wote wale wanakuja kukuta msitu wa misumari, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwaangalia.

Siku ya siku ikafika. Mabasi yakaja, malori ya miche yakaja, hema likasimamishwa, vipaza sauti vikafungwa. Mudir Aam akashuka na bishti yake, joho jeusi lenye nyuzi za dhahabu, na wapiga picha nyuma yake. Akaelekea ukingoni, akasimama, akatazama.

"Mbona kuna maji?" akaniuliza.

Ratiba ilipangwa Maskati, na waliopanga waliangalia nafasi ya wakubwa, hawakuangalia mwezi. Ilikuwa bamvua. Hori lilikuwa limejaa mpaka kwenye majani ya ukingo, maji ya samawati, mazuri, hakuna ndege hata mmoja. Miche ingepandwa wapi, kichwani mwa samaki?

"Yatapwa, Ustadh," nikamjibu. "Kwanza watu wale."

Na akina mama wa Unguja hawahitaji kuambiwa mara mbili. Vikafunguliwa vyombo: sambusa, vitumbua, katlesi, mkate wa ufuta, halua ya Sur na madele ya kahawa. Vicheko vikaanza, masalkheri zikapishana na shikamoo, huyu anamuuliza yule mtoto wake keshaoa au bado. Dada Thureya alikaa mstari wa mbele, mche wake mapajani, umefungwa kitambaa cheupe. Nilimwamkia. Akasema marahaba kwa ncha ya ulimi.

Maji yakaanza kuondoka. Ukiyaangalia hayaendi, ukigeuka kidogo ukirudi, yameshakwenda. Ukaonekana mstari wa kijivu, kisha kisiwa cha tope, kisha uwanda. Na harufu ikapanda, na baadhi ya vijana wakaziba pua kwa shela zao. Halafu kisiwa cha mchanga kule nyuma kikanyanyuka. Ndivyo inavyoonekana kwa asiyejua, kama ardhi imeruka. Kundi likazunguka juu ya hori, likageuka mara moja likawa jeupe, likageuka likawa jeusi, halafu wakaanza kutua, chekeamwezi kwanza kwenye ukingo wa maji, kisha wakubwa, mpaka tope lote likawa linatembea. Hata aliyekuwa ananong'ona habari za mahari aligeuza kiti atazame.

Ndipo sululu akalia. Mlio wake unapanda, unapanda, halafu unatetemeka.

"Sululu!" Alikuwa Bi Asya, mkubwa wa akina mama wote pale, umri wake umepita themanini, mzaliwa wa Mbweni kule Unguja, aliyekuwa jirani na mama yangu tangu wakiwa wasichana. Akasimama bila kushikwa. "Wallahi sululu! Jamani, nimemsikia huyu mara ya mwisho nikiwa mwari! Nivueni viatu."

"Bi Asya, kuna tope," mtu akamwambia.

"Tope ndiyo nalitaka. Nivueni viatu!"

Akapandisha abaya yake, akaifunga kiunoni kwa mtandio, akaingia. Mimi nilimkimbilia nikamshika mkono, nikijua miguu hiyo ikiteleza nitajibu kesi. Haikuteleza. Alitembea kama anayeingia chumbani kwake, kidole cha mguu kikitangulia kupapasa, akainama, akachimbua kwa vidole, akainuka na kombe mkononi, mzima mzima. Akawapungia naye wote waliokuwa hemani. Vigelegele vikapigwa. Wazee wengine wawili wakavua viatu, Mudir Aam akitazama na mdomo wazi, na wapiga picha hawajui wapige nani.

Bi Asya akamwita dada yangu kutoka kwenye tope. "Thureya! Mti wa mama yako unaupanda wapi?"

Dada akasimama na mche wake. Akaonyesha kwa kidole, katikati, pale walipojaa ndege. Mkono wake haukunyooka vizuri.

"Hapo? Wanapokula hapo?" Bi Asya akacheka. "Mwanangu, mama yako huyo unayemjua ni wa Ibra, mtu wa jikoni na msala. Mie namjua yule wa Mbweni. Maji yakipwa, hapatikani nyumbani. Anaruka dirisha, tunakwenda pwani kuchokoa kombe mpaka jua linazama, anarudi kanzu imejaa tope mpaka shingoni, na bibi yenu anamngoja mlangoni na upawa. Akipigwa leo, kesho yuko pwani. Mti hajapanda hata mmoja yule maisha yake! Hata mchicha!"

Watu wote wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa namtazama dada. Alisimama vile vile, na machozi yakawa yanamtoka, halafu mabega yakaanza kutikisika, nikadhani amezidiwa. Kumbe anacheka. Anacheka na kulia kwa pamoja.

"Miaka yote hii," akasema, "miaka yote hii mie namtafutia mama mti, na kumbe alikuwa mtu wa tope!"

Akampa mche mtu aliyekuwa karibu. Akavua viatu. Akaja, akaingia, akatumbukia mpaka kwenye vifundo, akanishika begani ili asianguke, na hakuniachia. Tulisimama pale watatu mpaka ndege walipotuzoea na kurudi karibu. Akaniuliza polepole, "Yule mwenye mdomo mrefu ndiye sululu?" Nikamwambia ndiye. Akasema, "Mzuri." Basi, ugomvi wetu ukaishia hapo, hakuna aliyemwomba mwenzake radhi.

Kilichobaki kilikuwa malori ya miche na bwana mkubwa mwenye bishti. Dada yangu alikishika kipaza sauti miguu yake ikichuruzika tope, akasema jumuiya imebadilisha mahali. Mudir Aam akanigeukia, na mimi jibu nilikuwa nalo. Juu kabisa ya hori, mdomoni mwa wadi, bonde linaloshusha maji ya mvua, palikuwa na mchu wa asili ulioliwa na ngamia mpaka ukabaki vijiti, na ua mpya wa waya ndiyo kwanza umekamilika. Pale mchu ni kwao, na hakuna sululu anayekwenda. Msafara ukahamia huko. Kila mama akapanda, akasoma Fatiha, picha zikapigwa, na Mudir Aam akalowanisha pindo la bishti yake na hakujali.

Wakati wa kuagana aliniambia, "Barua yako niliisoma, Bi Zuwena. Ndege ndio nilikuwa sijawaona." Alikuwa muungwana kweli, na kila mwaka baada ya hapo alikuja na wajukuu zake.

Nilistaafu miaka michache baadaye. Waliniaga kwa keki, ngao ya kioo na hotuba ambazo nusu yake tu ilinihusu. Nilicheka na kila mtu, lakini moyoni sikuwa na raha. Mudir mpya wa ofisi ya Sur ni kijana mzuri, mwenye adabu, lakini mgeni. Na mimi najua watu hawaishi kuja na fikra zao. Kwa mwaka mzima nilikuwa napiga simu ofisini kuuliza mambo ya kijinga, maji yamepwa saa ngapi, heroe wameshafika, mpaka yule binti wa mapokezi akawa ananijibu kabla sijauliza. Niliogopa kwamba nikifumba jicho tu tope litatengenezwa. Wengine wakistaafu wanalala. Mimi nilikuwa nalinda hori kutoka kitandani Ibra.

Majira haya yaliyopita, binti yule akanipigia yeye. Kuna kampuni ya utalii, akasema, inataka kuweka jukwaa la mkahawa katikati ya tope, juu ya nguzo, na boti ndogo za plastiki za kukodisha. Wanakuja kesho kuonyeshwa mahali. Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikachukua gari, nikaenda Sur, na njia nzima nikitunga hotuba. Nilianza na nchi za barafu, nikaingia kwenye minyoo, nikafika kwenye sheria. Nilipopita Al Kamil ilikuwa imeshakaa sawasawa, na kuna mahali ningepiga hata meza, kama ingekuwapo.

Nilipofika juu ya kilima kidogo kinachotazama hori, nikasimamisha gari. Maji yalikuwa yamepwa na ndege wamejaa. Ukingoni palikuwa na viti vya plastiki vimepangwa mstari, na juu yake wamekaa akina mama wa jumuiya, madele ya kahawa miguuni, Bi Asya katikati na mkongojo wake. Mbele yao amesimama Mudir mpya na bwana wa kampuni mwenye suti, kikombe mkononi, na kitumbua amelazimishwa kushika. Na mbele yao wote alikuwa dada yangu Thureya, ana darubini shingoni, anaonyesha tope kwa kidole na kusema. Maneno sikuyasikia vizuri kwa sababu ya upepo. Nilisikia "sululu", na kidole chake kilikuwa kwa heroe. Yule bwana alikuwa anatikisa kichwa kukubali, na kitumbua chake kikimchuruzikia mafuta kwenye mkono wa suti.

Nilitaka kushuka nimsahihishe. Nilishashika mlango. Halafu nikauachia, nikageuza gari, nikapitia Sur mjini nikanunua halua ya moto, nikarudi nayo Ibra pamoja na hotuba yangu nzima. Keki na ngao walikuwa wamenipa zamani, lakini siku niliyostaafu ni hiyo.